Jahazi, Mashua, Dau au Mtepe? Kutambua Vyombo vya Pemba na Rangi Zake katika Uundaji wa Modeli

Katika vitabu vya kiada, katika tafsiri za riwaya na katika maduka ya vinyago ya pwani, chombo chochote chenye mlingoti na tanga huitwa jahazi. Mtafsiri akikutana na neno la Kiingereza dhow, aghalabu huandika jahazi. Mara nyingine huandika dau, kwa kuwa maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti. Fundi wa modeli naye, akiagizwa chombo cha zamani, hutoa umbo lile lile alilolizoea na kulipaka vanishi ya hudhurungi inayong'aa. Hivyo msomaji na mtazamaji hupokea taswira moja ya kitu ambacho Waswahili wenyewe walikigawa katika aina nyingi, kila moja na jina lake.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua aina za vyombo vilivyotumika kisiwani Pemba na katika bahari inayokizunguka, pamoja na rangi zake, kwa mwenye nia ya kuunda modeli ya kihistoria au kufasiri habari za vyombo hivyo. Pemba inafaa kuwa kielelezo. Ni kisiwa kilichotenganishwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu, chenye hori na visiwa vidogo pembeni mwake kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, na kwa muda mrefu karibu kila kitu kilichoingia au kutoka kilipita Wete, Chake Chake au Mkoani kwa chombo cha tanga. Leo boti za faiba na mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na maneno ya sehemu za chombo yanapungua vinywani kadiri vyombo vyenyewe vinavyopungua ufukweni.

Modeli, mfano, kielelezo

Istilahi ya kwanza kuamuliwa ni ya kazi yenyewe. Neno mfano lina maana pana mno: "mfano wa jahazi" huweza kuwa jahazi halisi lililotajwa ili kufafanua hoja. Kielelezo huelekea zaidi kwenye picha au mchoro. Kigezo ni kipimo au ruwaza ya kufuatwa. Neno modeli, ambalo limekwisha kuzoeleka, ndilo linaloeleweka bila utata kwa maana ya umbo dogo lililoundwa kwa kufuata vipimo vya kitu halisi.

Kiambishi ki- cha udogo hakitoshelezi. Kidau ni dau dogo, lakini ni dau la kweli linaloingia baharini na kurudi na samaki. Anayeandika "alinunua kidau" akikusudia modeli atamfanya msomaji amwone mnunuzi akienda kuvua.

Uhusiano wa ukubwa kati ya modeli na kitu halisi huitwa uwiano. Katika uwiano wa 1:50, jahazi la mita 15 huwa modeli ya sentimita 30. Ubao wenye unene wa sentimita 4 huwa milimita 0.8, na baharia mwenye kimo cha sentimita 170 husimama kwa sentimita 3.4.

Nidhamu ya utambuzi inaweza kuazimwa kwa waundaji wa modeli za vifaru vya kivita, ambao kwa kawaida hutumia uwiano wa 1:35. Mwundaji makini huwa haridhiki na neno kifaru. Atataka kujua kama ni T-54 au T-55, na ataangalia kikuba kidogo cha kupitishia hewa juu ya mnara wa mzinga: T-54 inacho, T-55 haina. Alama moja ndogo humwambia aina, na aina humwambia miaka. Vyombo vya Pemba vina alama za namna hiyo, na tofauti ni kwamba Kiswahili tayari kimezipa majina.

Kitenzi hutangulia

Alama ya kwanza imo katika kitenzi. Mtumbwi huchongwa. Mtepe hushonwa. Jahazi na mashua huundwa. Vitenzi hivi vitatu havibadilishani nafasi ovyo, kwa kuwa kila kimoja kinataja mbinu yake.

Kuchonga ni kutoa chombo katika gogo moja. Mtumbwi na ngalawa vina kiwiliwili cha aina hiyo, mara nyingi cha mwembe. Ngalawa hutofautiana na mtumbwi kwa kuwa na matengo, yaani mbao mbili zinazoelea, moja kila upande, zilizofungwa kwenye miti inayokatiza chombo iitwayo mirengu. Mbao hizo huwekwa kwa mshazari, ubavu wake ukikata maji. Mwundaji wa modeli anayezilaza bapa kama ubao wa meza huwa amekosea.

Kushona ni kuunganisha mbao kwa kamba ya nazi iliyopitishwa katika matundu, bila msumari wa chuma. Mbinu hii ni ya kale sana. Periplus, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 BK, yanataja mashua za kushonwa pamoja na mitumbwi katika kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu hukihusisha na Pemba.

Kuunda, kwa maana yake ya msingi, ni kazi ya seremala wa vyombo: kuweka mkuku, kusimamisha mataruma, kupigilia mbao kwa misumari na kukalafati nafasi zilizobaki kwa pamba. Maana ya "kuunda kamati" au "kuunda serikali" imetokana na hiyo. Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Mtafsiri anayeandika "alijenga jahazi" anaeleweka, ila amepoteza kitenzi ambacho lugha ilikiandaa kwa ajili ya jambo hilo hasa.

Omo na tezi

Alama ya pili na iliyo kuu ni umbo la ncha mbili za chombo. Omo ni sehemu ya mbele, tezi ni ya nyuma. Ubao wa mbele unaokata maji ni hanamu; kichwa kinachochomoza juu yake ni gubeti; nguzo ya nyuma inayobeba usukani ni fashini; na jukwaa lililoinuka nyuma ni shetri. Mtu akiyajua maneno haya sita, anaweza kusoma picha yoyote ya bandari ya zamani kwa kujiuliza maswali mawili: je, tezi imechongoka au ni bapa? Na je, gubeti ina umbo gani?

Dau limechongoka pande zote mbili, mbele na nyuma. Ni chombo cha mbao kisicho na sitaha, cha wavuvi na wachukuzi wa karibu. Jina halitegemei ukubwa: dau kubwa hubaki dau, nalo haligeuki kuwa jahazi kwa sababu ya kurefushwa.

Mashua na jahazi vina tezi bapa, kana kwamba chombo kimekatwa kwa msumeno upande wa nyuma. Kati ya viwili hivyo, mashua ni ndogo na huwa wazi. Jahazi ni kubwa, lina ngama yenye kina cha kupakia shehena, na aghalabu lina sitaha ya sehemu au shetri. Hapa ukubwa na matumizi ndivyo vinavyoamua, na ndiyo maana mpaka kati ya majina haya hubishaniwa hata na mabaharia wenyewe. Kamusi haina haja ya kuudai mpaka mkali ambao bandari haiujui.

Vyombo vya kigeni vilivyokuja na kaskazi vilikuwa na alama zake. Bumu, lililojulikana hasa kuwa la Kuwait, limechongoka mbele na nyuma, na gubeti yake ni mti mrefu ulionyooka, ulioelekezwa juu na mbele. Sambuku lina tezi bapa na hanamu iliyopinda. Kotia kutoka Bara Hindi lina tezi pana yenye nakshi na gubeti inayoishia kwa kichwa kilichochongwa. Betili lilijulikana kwa gubeti ndefu mno na tezi iliyochongoka, na bedeni kwa hanamu iliyosimama wima. Mwaka 1938 na 1939 Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika bumu la Kuwait hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, na picha alizopiga ni miongoni mwa ushahidi bora wa vyombo hivyo vikiwa kazini.

Tofauti hizi hazihitaji macho ya fundi. Mwanafunzi akipewa picha mbili, ya dau na ya mashua, atazitenganisha mara tu atakapoelekezwa kutazama tezi.

Mtepe, chombo kilichobaki katika modeli

Mtepe unastahili sehemu yake. Ulikuwa chombo cha kushonwa cha Waswahili, ukihusishwa zaidi na visiwa vya Lamu, nao ulisafiri pwani yote. Tanga lake lilikuwa la mkeka uliosukwa, lenye pembe nne za mraba. Gubeti yake ndefu ilifananishwa na shingo na kichwa cha ngamia, na omoni ulichorwa jicho. Kwa kuwa mbao zilishikwa na kamba, chombo kilinyumbuka kikipigwa na mawimbi au kikikwama mchangani. Kwa sababu hiyo hiyo kilivuja, na mabaharia hawakuacha kukumba maji. Ndugu yake, dau la mtepe, lilishonwa vilevile na kubeba tanga la mkeka, lakini lilikosa ile gubeti ya ngamia.

Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. James Hornell alichapisha maelezo yake mwaka 1941, na A. H. J. Prins alirudia uchunguzi wa vyombo vya Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus mjini Mombasa yana modeli za mtepe. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa halisi uliundwa mjini Zanzibar na kuwekwa katika Beit el Ajaib; Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka.

Historia hii inaonyesha uzito wa modeli. Kwa mtepe, modeli ni mojawapo ya mashahidi wachache waliobaki. Ikiwa modeli imekosewa, yaani imepigiliwa misumari au imewekewa tanga la kitambaa lenye pembe tatu, hakuna mtepe baharini wa kuisahihisha.

Tanga, na methali zinazolitegemea

Mtepe na madau ya zamani yalitumia tanga la mkeka. Jahazi, mashua na ngalawa hutumia tanga la kitambaa lililofungwa kwenye mti mrefu wa mshazari uitwao foromali. Foromali hupandishwa kwa henza, kamba nene inayofanya kazi pamoja na kapi na jarari. Ngalawa ina tanga la pembe tatu. Vyombo vikubwa vya Kiarabu vilikuwa na tanga ambalo ncha yake ya mbele imekatwa, likawa na pembe nne, ukingo wa mbele ukiwa mfupi. Katika karne ya 19 kitambaa cha merikani kilienea pwani, nacho hakikuwa cheupe pe: kilikuwa na rangi ya maziwa, kikageuka kijivu kwa jua na chumvi. Tanga jeupe kama karatasi ni dosari inayoonekana katika modeli nyingi za madukani.

Maneno ya tanga yameingia katika methali ambazo hufundishwa shuleni bila chombo chake. "Dau la mnyonge haliendi joshi" humaanisha kwamba dau la asiye na uwezo haliwezi kupanda kuelekea upepo. Joshi ni upande utokako upepo. Upande wa pili ni demani, neno ambalo pia hutaja kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, na ambalo lina maana nyingine kabisa katika majira ya mwaka. "Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani" nayo hutaja sehemu tatu za chombo: nyuma, mbele, na tumbo la chini ambako maji hujikusanya. Mwanafunzi anayelijua neno tezi kwa maana ya kiungo cha mwili tu huikariri methali hii kama fumbo lisilo na ufunguo. Modeli moja juu ya meza ya mwalimu humaliza tatizo hilo kwa dakika chache.

Rangi: sifa, deheni na moto

Swali la rangi ndilo linalokosewa zaidi, kwa sababu vyombo vingi vya zamani havikupakwa rangi kwa maana ya leo. Mbao za juu, zilizo nje ya maji, zilipakwa sifa. Sifa hapa ni mafuta ya samaki, hasa ya papa. Si sifa ya mtu kusifiwa. Sentensi "chombo kimepakwa sifa" ina maana nzito ya ufundi na harufu isiyosahaulika, lakini mtafsiri asiyelijua neno anaweza kuigeuza kuwa pongezi. Mbao zilizopakwa sifa huwa za hudhurungi iliyoiva, zenye madoa, nyeusi zaidi palipo na viungo, na zisizong'aa kama vanishi.

Sehemu ya chini, inayozama majini, ilipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta au shahamu na chokaa, ili kuzuia maji na wadudu watoboao mbao. Deheni mpya huwa nyeupe; ikishakaa baharini hugeuka kijivu au manjano iliyofifia, ikabanduka kwa mabaka. Hivyo jahazi lililotunzwa kwa namna hii lina kanda mbili: hudhurungi juu, weupe chini, na mstari wa maji ukizitenganisha. Rangi za dukani, kama nyekundu, kijani au samawati, ziliingia kwanza kama ufito mwembamba karibu na ukingo wa juu, kabla ya kuenea ubavu mzima katika vyombo vya karibuni.

Dau na ngalawa aghalabu hubaki na rangi ya mti. Hata hivyo, vyombo vidogo hupandishwa pwani na kuchomwa kwa moto wa makuti makavu upande wa chini ili kuua wadudu, na alama nyeusi za moshi hubaki. Mwundaji anayeweza kuonyesha weusi huo kwa kiasi ametoa habari ambayo rangi tatu za kopo haziwezi kuitoa.

Picha za zamani zisomwe kwa tahadhari. Bamba za picha za mwishoni mwa karne ya 19 kwa kawaida hazikuhisi vyema wekundu: ufito mwekundu huonekana mweusi, na samawati huonekana karibu nyeupe. Kutangaza rangi ya ufito kwa kutegemea picha moja isiyo na rangi ni kubahatisha. Kwa upande mwingine, mpaka kati ya deheni na sifa huonekana wazi katika picha hizo, na huo unaweza kuaminiwa.

Kuunganisha alama

Tuchukue kazi moja: modeli ya chombo kilichobeba karafuu kutoka Wete kwenda Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Kipindi chenyewe kina sababu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Magunia ya karafuu yalihitaji ngama yenye kina, basi tunatafuta jahazi. Jahazi lina tezi bapa; kwa hiyo umbo lililochongoka nyuma linaondolewa. Liliundwa kwa misumari. Kwa hiyo mishono inaondolewa. Tanga ni la kitambaa chenye rangi ya maziwa juu ya foromali. Ubavu ni wa sifa, chini ni deheni iliyochakaa, na ufito wa juu unaweza kuachwa bila rangi ikiwa hakuna ushahidi. Kila uamuzi umefikiwa kupitia neno la Kiswahili linaloutaja.

Tanbihi kwa wafasiri na walimu

Neno dhow ni jina la jumla lililotumiwa na watu wa nje. Panapokuwa na maelezo ya umbo, chagua jina mahususi: tezi bapa na shehena, jahazi, ncha mbili zilizochongoka na wavuvi, dau, mbao za kushonwa na tanga la mkeka, mtepe au dau la mtepe, gogo lenye matengo, ngalawa. Pasipokuwa na maelezo, chombo au chombo cha tanga ni salama kuliko jahazi, kwa kuwa hakidai lisilojulikana.

Upatanisho wa kisarufi nao uzingatiwe, kwani majina haya yamo katika ngeli tofauti: dau limepwelewa, madau yamepwelewa, mashua imepwelewa, mashua zimepwelewa, mtepe umepwelewa, mitepe imepwelewa, chombo kimepwelewa, vyombo vimepwelewa. Jahazi hutumika zaidi kama dau, ingawa baadhi ya wasemaji husema "jahazi imepwelewa" na wingi wake "jahazi zimepwelewa". Mwandishi achague njia moja na kuishika hadi mwisho wa andiko.

Mwalimu aliye Pemba ana fursa ambayo wengine hawana. Wanafunzi wake wanaweza kupelekwa ufukweni, wakashika hanamu na fashini kwa mikono yao, wakamsikiliza fundi akizitaja, kisha wakapima chombo kimoja na kukiunda upya kwa uwiano wa 1:20 kwa mbao laini. Majina watakayoyaandika kwenye modeli hiyo, kila moja mahali pake, yatakuwa orodha ya msamiati iliyothibitishwa na fundi aliye hai.